KWA NINI KAMERA HUMALIZA MAWE UPESI?
Na Mpiga Picha wa Chama, Kidato cha Tatu

Ukifungua kurasa za picha za gazeti letu la mwaka huu utakuta picha saba tu za Siku ya Kiswahili. Utamwona mwalimu mkuu akikata utepe, utawaona wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wakiigiza, na vijana wa ngonjera wamefumbua vinywa kama vifaranga. Hutamwona mlezi wetu. Yeye ndiye aliyekianzisha chama hiki na kukilea, na siku hiyo alikuwa akituaga kwa sababu anastaafu. Picha yake haipo. Wengi wenu mmeniuliza mbona. Wengine hawakuuliza, walikwisha kuhukumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kama mjuavyo, simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo chama chetu hutumia kamera ndogo ya dijitali ambayo tuliachiwa na mwalimu mmoja wa mazoezi. Kamera yenyewe ni ya zamani kidogo, haina betri yake maalumu ya kuchaji. Inakula mawe mawili, yale mawe membamba ya saa ya ukutani ambayo kwenye ganda yameandikwa AA. Siku moja kabla ya sherehe, mhazini alinipa shilingi 200 nikanunue mawe. Nikapitia dukani karibu na steji ya Nyamira, nikachagua ya bei nafuu, mawili kwa shilingi 50, na kesho yake nikamrudishia mhazini shilingi 150. Sikuchukua risiti. Nilijiona mtunza mali hodari sana.

Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, huadhimishwa tarehe 7 Julai, na kwetu Julai ni mwezi wa baridi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai hata barabara haionekani. Bwalo letu nalo lina giza, kwa hivyo kila picha ilitaka flashi. Nilipiga ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Mara mlezi akaitwa mbele. Watoto wakamzunguka, maua yakaletwa, nami nikasogea. Nikabonyeza. Kamera ikaandika kwamba betri zimekwisha, ikavuta lenzi yake ndani kama kobe anavyovuta kichwa, ikalala.

Nilifungua kifuniko, nikayasugua mawe kwenye sweta, nikayarudisha. Lenzi ikatoka, ikarudi. Nikajaribu tena. Watu wakaanza kucheka. Jasho lilinitoka licha ya baridi ile. Mlezi akaniambia kwa upole, "Basi mwanangu, tutapiga siku nyingine." Siku hiyo nyingine haikufika, shule zilipofungwa alikwenda zake nyumbani.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa chama. Mhazini alisimama akasema hakuna jiwe jipya duniani linaloweza kufa kwa picha saba. Eti nilitoa mawe makuukuu kwetu nyumbani, ya dukani sikununua, na zile 50 nikazila. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Nilitahayari, nikakosa la kujibu, maana kusema kweli hata mimi sikujua mawe yale yalikwenda wapi.

Jioni hiyo nilifika nyumbani nikakuta saa ya nyanya imesimama. Nyanya akaniuliza kama sina jiwe. Nikamwambia ninayo mawili lakini yamekufa. Akasema, "Lete tu tujaribu." Nikalitia moja. Kumbe! Saa ikaanza kwenda, tik, tik, tik, kama yenye jiwe jipya. Nikabaki nimeduwaa. Jiwe lililokufa mkononi mwangu mbele ya shule nzima sasa linaendesha saa. Hapo nikajua kuna jambo ambalo mimi na mhazini wote hatulijui.

Kesho yake nikampelekea mwalimu wetu wa Fizikia lile jiwe la pili. Akalipima kwa mita ya maabara. Jiwe jipya la aina hii huwa na volti 1.5 hivi. Letu lilisoma 1.3. "Hili halijafa," mwalimu akasema. Kisha akaliunganisha na balbu ya tochi, akalipima tena balbu ikiwaka. Mshale ukashuka hadi karibu volti 1. Akaitoa balbu, mshale ukapanda tena pole pole. Alirudia mara tatu ili nione vizuri. Siri yote ya kamera imo katika mshale ule.

Sisi tunapozungumza juu ya jiwe huuliza swali moja tu: lina moto au halina? Hatuulizi linaweza kuutoa moto huo kwa kasi gani, na hilo ni swali jingine kabisa. Mchukulie nyanya yangu. Anaweza kutoka nyumbani na kikapu chake cha ndizi akatembea pole pole hadi sokoni, akauza, akarudi jioni, na kesho akaenda tena. Sasa mwambie nyanya huyo huyo abebe gunia la simiti apande mlima wa Manga mbio. Hatua ishirini hazitafika, atakaa chini. Je, amekufa? La hasha. Mwache apumzike, utamwona anaamka anaendelea na mambo yake. Saa ya ukutani ni safari ya sokoni. Kamera ya dijitali ni gunia la simiti.

Tuingie kwenye hesabu kidogo. Umeme unaotiririka hupimwa kwa ampea, na ampea moja ni miliampea 1,000. Saa ya ukutani hutumia pungufu ya miliampea moja. Redio ndogo, ile nyanya anayosikilizia Egesa FM, ikiwa na sauti ya wastani hutumia makumi kadhaa ya miliampea. Kamera kama yetu ikiwa imewashwa na skrini yake inang'aa huvuta nusu ampea au zaidi, na ikijaza flashi yaweza kupita ampea moja. Yaani mara mia kadhaa, pengine hata elfu, ya kile ambacho saa inaomba!

Ndani ya kila jiwe kuna kizuizi chake chenyewe. Umeme hautoki humo bure, unapita katika kemikali zinazoupinga kiasi. Ukiomba kidogo, kizuizi hakisikiki. Ukiomba kingi kwa pamoja, sehemu kubwa ya volti hupotelea humo humo ndani na kugeuka joto, na huku nje panafika kidogo. Ndiyo maana mshale ulianguka balbu ilipowaka. Nayo kamera inavumilia mpaka mahali fulani tu. Mawe mawili mapya ni volti 3. Zikishuka chini ya kiwango ilichowekewa na waliyoiunda, kamera hujizima makusudi, isije ikakatika katikati ya kuandika picha kwenye kadi na kuiharibu. Kwa hivyo maandishi yale ya "betri zimekwisha" si ya kweli sana. Kamera ingesema kweli ingeandika: "Mawe haya hayaniwezi."

Hili linaeleza pia kile kioja mnachokijua, kwamba ukiyatoa mawe na kuyaacha nusu saa, ukiyarudisha kamera inakupa picha moja au mbili zaidi. Ukitumia jiwe kwa nguvu, kemikali zilizo karibu na pale umeme unapotolewa huisha kabla zile za mbali hazijafika. Jiwe likipumzika, za mbali husogea. Nyanya amepata pumzi.

Lakini kamera inafanya kazi gani nzito hivyo? Mla mkubwa ni flashi. Taa ile haiwezi kuwaka kwa volti 3. Ndani ya kamera kuna mtambo mdogo unaozipandisha volti hizo hadi karibu 300 na kuziweka akiba katika kifaa kiitwacho kapasita, halafu akiba yote inamwagwa kwa mpigo mmoja, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ule mlio mwembamba unaosikika baada ya picha ndio mtambo ukijaza akiba upya, na wakati huo mawe yanakamuliwa kweli kweli. (Kuna kijana wa Kidato cha Pili aliyetaka kuifungua kamera kwa bisibisi atazame. Ndugu yangu, usithubutu! Kapasita hubaki na umeme hata mawe yakitolewa, na volti 300 si mchezo.)

Baada ya flashi huja skrini. Sisi wanafunzi tuna tabia moja: picha ikipigwa tu, watu kumi wanakimbilia kuitazama, "Hebu nione! Hebu nione!" na skrini inawaka dakika tano. Kwa hesabu ya mawe, kuzitazama picha kwa muda mrefu kunaweza kula kuliko kuzipiga. Kisha kuna mota ya lenzi inayotoka na kurudi. Nilipokuwa nikiizima na kuiwasha pale bwaloni kwa wasiwasi, nilikuwa nikiimaliza mimi mwenyewe. Na chini ya hayo yote kuna kompyuta ndogo inayoisoma picha na kuikunja ipate kutosha kwenye kadi.

Nilimwendea pia mpiga picha mmoja mzee mjini Nyamira, ambaye amepiga harusi na mahafali tangu kabla hatujazaliwa. Akacheka. Aliniambia zamani alikuwa na Yashica ya filamu, na mawe mawili yalimtosha filamu nyingi. Nilipofikiri nikaona ni haki. Filamu ile aliivuta kwa kidole gumba. Hakukuwa na skrini wala kompyuta, na picha iliandikwa na mwanga wenyewe juu ya filamu, kwa kemia, bila kuomba umeme. Mawe yalikuwa ya flashi tu. Tulipohamia dijitali, kazi zote zilizofanywa na kidole, jicho na chumba cha giza tulizitwika mawe.

Na hili si jambo la leo. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steve Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa hafifu kuliko ya simu yoyote leo. Mnadhani ilikula mawe mangapi? Kumi na sita! Tangu siku ya kuzaliwa ilikuwa mlafi.

Sasa nirudi kwenye mawe yangu ya shilingi 50, kwani hapo ndipo kosa langu lilipo. Kumbe si mawe yote ni ndugu. Yale ya bei nafuu ni ya zinki na kaboni, aina iliyotokana na kazi ya Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Wazee wetu wanayakumbuka mawe mekundu yenye picha ya paka, ya Eveready, yaliyokuwa yakitengenezwa Nakuru katika kiwanda kilichoanza mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014. Mawe ya zinki na kaboni si mabaya. Kwa redio, tochi na saa yalifanya kazi yao vizuri, nyumba ngapi hapa kwetu zilisikia habari za ulimwengu kwa mawe hayo kabla stima haijafika! Lakini kizuizi chao cha ndani ni kikubwa. Ni mawe ya mwendo wa sokoni.

Kuna mawe ya alkali, ambayo ni ghali zaidi. Hayo yana moto mwingi na huutoa kwa kasi zaidi. Hata hivyo nayo, yakitiwa kwenye kamera, hutoa chini ya nusu ya kile ambacho yangetoa kwenye redio. Nusu nyingine inabaki ndani, unaitupa.

Halafu kuna mawe ya kuchaji, ya nikeli na haidridi ya metali, yanayoandikwa NiMH. Hapa ndipo nilipochanganyikiwa, maana haya huandikwa volti 1.2 tu. Nikamwuliza mwalimu, yawezekanaje jiwe la 1.2 lishinde la 1.5? Akanirudisha kwenye ule mshale. Jiwe la alkali huanza juu lakini likibebeshwa mzigo linaporomoka. La NiMH huanza chini kidogo na kubaki pale pale karibu mpaka mwisho, kwa sababu kizuizi chake ni kidogo sana. Kamera haijali jiwe lina volti ngapi likiwa limelala dukani. Inajali zinazobaki wakati wa kazi. Kamera nyingine zina mahali pa kuiambia umetia mawe ya aina gani. Kama yako inapo, iambie, isije ikajizima kabla ya wakati.

Ubaya wa NiMH za kawaida ni kwamba huvuja. Ukizichaji na kuziweka kabatini mwezi mzima, utakuta sehemu kubwa imekwenda zake bila kutumika. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ilipotoa aina inayoitwa Eneloop, ziko ambazo hukaa mwaka mzima na bado zina sehemu kubwa ya chaji. Zile za kawaida, zichaji jioni ya kuamkia sherehe, si wiki mbili kabla.

Na ile baridi ya Julai? Nayo ilichangia, ingawa nisiisingizie sana, baridi yetu si ya theluji. Kemikali zikipoa hutembea polepole na kizuizi huongezeka. Wenye akili hutembeza mawe yao mfukoni, karibu na mwili. Mimi nilikuwa nimeyaacha usiku kucha kwenye dirisha la ofisi ya chama! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majirani huanika mawe ya tochi juani. Nilidhani ni ushirikina tu. Joto linazichangamsha kemikali, jiwe linajikaza kidogo, linatoa masalio yake. Haliongezewi moto mpya. Lakini kuanika juani ni tofauti na kuweka jikoni kando ya makaa, hilo hupasua jiwe na dawa yake huunguza macho. Kuling'ata kwa meno pia tuache.

Jambo jingine dogo: usichanganye jiwe jipya na kuukuu. Yako kwenye mstari mmoja kama ng'ombe wa plau. Aliye hoi atamchelewesha mwenye nguvu, na huyo hoi ataendelea kuburutwa mpaka avuje maji yanayokula vyuma vya kamera. Na vile vyuma viwili vinavyogusana na mawe vikiwa na kutu au mafuta ya vidole, hicho nacho ni kizuizi. Vifute kwa kitambaa kikavu.

Ili nisiwe mtu wa maneno matupu, mwezi wa Septemba mwalimu alinisimamia tukafanya jaribio kwa kamera ile ile, flashi ikiwaka kila baada ya picha moja. Mawe mapya ya shilingi 50 kutoka duka lile lile, safari hii mbele ya mhazini mwenyewe na risiti mkononi mwake, yalipiga picha 11. Ya alkali yalipiga 64. Ya kuchaji tuliazimwa na yule mpiga picha wa mjini. Tulipiga picha 150, tukapiga miti, ng'ombe wa shule, mpishi, mpaka mwalimu akasema inatosha, na mawe yalikuwa bado yanaendelea. Hilo ni jaribio moja kwa kamera moja, mtu asije akaniletea yake akanidai 150.

Mhazini alizihesabu zile 11 kwa kidole. Akanyamaza muda. Kisha akaniuliza, "Na yale mawili ya Julai yako wapi?" Nikamwambia moja liko kwa nyanya, jingine hili hapa mfukoni. Akanyosha mkono nikampa. Hakuniomba msamaha mbele ya chama, na mimi sikudai. Mwezi wa Oktoba chama kilipitisha tununue mawe manne ya kuchaji na chaja yake, na yeye ndiye aliyetoa pendekezo. Bado hatujakubaliana nani atatumwa kwa mlezi na kamera. Mimi nimekwisha kusema niko tayari Jumamosi yoyote, nauli nitajilipia.

Lile jiwe alilochukua mhazini alilitia kwenye saa ya Kidato cha Tatu, ile iliyo juu ya ubao. Ninapoandika makala haya ni mwezi wa Novemba, na inakaribia saa kumi. Saa hiyo inaenda.